Karani wa zamu ya usiku: jinsi mwili unavyonakili ADN iliyoharibika



Mwezi uliopita, saa nane ya usiku, fundi mmoja wa sudire aliletwa dispanseri na bibi yake. Alikuwa amefunika macho kwa kitambaa, machozi yanatoka bila kukoma, anasema ni kama mtu amemwagia mchanga wa moto ndani ya macho. Mchana alikuwa akishikisha vipande vya chuma, na kila mara aliinua masiki ili aone vizuri mahali pa kuanzia. "Munganga, ni mara tatu tu," akaniambia. Wote husema mara tatu tu.

Nikampa dawa ya maumivu, nikamwekea kitambaa cha maji baridi juu ya macho, nikamwambia akae gizani. Ndipo bibi yake akaniuliza: "Munganga, moto ule unamuunguza, kesho kutwa anapona, anarudi kazini. Sasa ni miaka kumi na miwili. Kama ni mbaya namna mnavyosema, mbona hajapata ugonjwa mkubwa? Na kama hajapata, mbona mnatusumbua kila siku na masiki?"

Swali hili ni zuri. Siku ile wagonjwa wengine walikuwa wananingoja, nikamwahidi mama yule kumjibu katika ukurasa huu. Jibu ni refu kidogo, kwa sababu lazima tuingie ndani ya mwili mpaka mahali ambapo jicho halifiki.

Buku ya herufi nne

Mwili wetu umejengwa kwa vyumba vidogo sana vinavyoitwa seli. Ndani ya karibu kila seli kuna kiini, na ndani ya kiini mna uzi mwembamba uitwao ADN. Uzi wa seli moja tu, ukinyoshwa wote, unafika meta mbili hivi. Umekunjwa na kukunjwa tena mpaka ukaenea mahali padogo kuliko chembe ya vumbi la shimoni.

Uzi huo ni kama buku ya kazi. Umeandikwa kwa herufi nne, A, T, G na C, katika mistari miwili inayotazamana. A hutazamana na T sikuzote, na G hutazamana na C. Katika kila seli kuna zaidi ya jozi milioni elfu sita za herufi hizo. Humo mmeandikwa namna ya kutengeneza ngozi, damu, misuli, na hata wafanyakazi wadogo ambao ndio habari yetu ya leo. Wafanyakazi hao wanaitwa enzimu. Ukitafuna bukari muda mrefu bila kumeza, mwisho unasikia utamu mdomoni. Ile ni kazi ya enzimu ya mate, inayokata unga kuwa sukari. Mwilini mna enzimu za namna elfu nyingi, kila moja na kazi yake.

Seli za ngozi zinachakaa, na nyingine lazima zizaliwe. Seli moja inagawanyika kuwa mbili, lakini kabla ya kugawanyika inapaswa kunakili buku nzima, ili kila mtoto apate yake. Kazi hiyo inachukua saa nane hivi, sawasawa na ekipe moja ya kazi. Enzimu zinazonakili zinaitwa polimerazi, na zile kubwa za kazi hii ni mbili, polimerazi delta na polimerazi epsiloni.

Fikirini karani wa ofisi anayenakili buku ya majina ya wafanyakazi. Ni karani mwangalifu sana. Akiweka herufi anaitazama tena, na kama si yake anaifuta na kuandika upya. Akikosea mara moja, nyuma yake kuna wakaguzi wengine. Mwisho wa yote, kosa linalobaki ni kama moja tu katika herufi milioni elfu moja. Hakuna ofisi yoyote ya makaratasi, hata ile ya mshahara, inayofanya kazi safi namna hiyo!

Lakini uangalifu huo una ubaya wake. Polimerazi delta na epsiloni zina mahali pembamba sana pa kupokea herufi, na herufi lazima iwe na umbo lililo sawa. Karani akikuta ukurasa uliomwagikiwa mafuta, hakisii. Anasimamisha kalamu palepale.

Sudire ndani ya ADN

Mafuta hayo ni nini? Yako mengi, lakini nianze na lile la fundi wetu.

Mwanga wa jua, na mwanga wa sudire ya umeme zaidi, una miali isiyoonekana kwa macho, ambayo wengi mmesikia ikiitwa ultravioleti. Miali hiyo ikipiga ADN mahali ambapo T mbili zimesimama jirani katika mstari mmoja, inaziunganisha. Wafanyakazi wa atelie watacheka, lakini ndivyo ilivyo: mwanga wa sudire unafanya sudire ndani ya ADN. T mbili zilizokuwa huru zinakuwa kipande kimoja kigumu kilichopinda. Jua kali la saa moja linaweza kufanya maelfu ya viungo kama hivyo katika seli moja ya ngozi iliyo wazi.

Vingi vinatengenezwa upesi. Kuna ekipe ya enzimu inayotembea juu ya ADN kutafuta mahali palipopinda. Inakata kipande cha herufi 30 hivi chenye ubaya, inakitupa, kisha inajaza upya kwa kutazama mstari wa pili ambao ni mzima. Kwa ajili ya kueleza kazi za namna hii, Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipewa zawadi ya Nobel ya kemia mwaka 2015. Sancar ndiye aliyeeleza hii ya kukata na kujaza.

Shida ni kwamba ekipe hiyo haimalizi yote kwa wakati. Saa ya kunakili inafika, na viungo vingine bado viko njiani. Karani mwangalifu anafika, anasimama. Akisimama muda mrefu, mistari miwili iliyofunguliwa mbele yake inabaki wazi na inaweza kukatika. ADN iliyokatika ni hatari kuliko herufi moja mbaya: seli inaweza kufa, au vipande vikaungwa mahali pasipo pao.

Hapo ndipo anapoitwa karani wa zamu ya usiku.

Namna anavyoitwa

Polimerazi haitembei peke yake. Imeshikwa na pete inayozunguka uzi wa ADN, kama pete ya kamba inayozuia ndoo isianguke kisimani. Pete hiyo inaitwa PCNA. Karani akikwama, enzimu mbili, Rad6 na Rad18, zinabandika alama ndogo juu ya pete. Alama hiyo ni protini ndogo iitwayo ubikwitini. Maana yake kwa wafanyakazi wa seli ni moja tu: hapa tumekwama, leteni mwingine.

Wanaojua kusoma alama hiyo ni polimerazi za namna nyingine. Wataalamu walizipa majina ya herufi za Kigiriki: eta, iota, kapa, zeta, na moja inayoitwa Rev1. Mahali pao pa kupokea herufi ni papana. Wanapokea hata herufi iliyopinda au iliyobebeshwa mzigo. Lakini hawana kifutio: wakiweka herufi mbaya, hawairudii. Polimerazi eta ikinakili ADN nzima, isiyo na ubaya wowote, inaweza kukosea mara moja katika herufi mia moja au mia chache. Mkiweka karani huyo mchana kutwa ofisini, buku itaharibika yote. Kwa hiyo seli inamwita kwa nafasi ndogo tu, herufi chache, kisha inamrudisha karani mwangalifu.

Sasa sikieni uzuri wake. Eta hiyohiyo, yenye kukosea hivi mahali pazuri, ikifika mbele ya T mbili zilizounganishwa na jua inaandika A mbili mbele yake, na hiyo ndiyo herufi sahihi. Mwaka 2010 wataalamu walionyesha umbo lake: ndani yake mna nafasi ya kuenea T zote mbili pamoja, na upande mmoja wake unaunyosha uzi mpya na kuushika imara, kama sisi dispanseri tunavyofunga ubao kando ya mfupa uliovunjika. Ikipita herufi mbili tatu mbele ya ubaya, inaachia. Delta au epsiloni inaendelea.

Wengine wana ubaya wao waliouzoea. Rev1 hupenda kuweka C, hata mahali ambapo herufi ya zamani imetoweka kabisa. Zeta haianzi, kazi yake ni kuendeleza mstari baada ya mwenzake kuweka herufi ya kwanza mahali pagumu. Msidharau kazi hiyo ya pili. Panya wa maabara waliotolewa zeta wote hufa tumboni mwa mama kabla ya kuzaliwa, hata bila kuona jua lolote.

Jambo moja lisieleweke vibaya, kwa sababu hata wanafunzi wa uganga hukosea hapa. Karani wa usiku hatengenezi kitu. T zilizounganishwa zinabaki zimeunganishwa katika mstari wa zamani, na ekipe ya kukata itakuja baadaye. Yeye anapitisha kazi tu, ili seli isife na ADN isikatike.

Mtoto aliyeogopa jua

Miaka sita iliyopita mama mmoja wa kartie yetu aliniletea mtoto wa miaka mitatu. Uso wake ulikuwa na madoa mengi meusi na meupe, midomo imepasuka, na mchana alifumba macho akilia. Kila akitoka nje kwa muda mfupi ngozi iliungua. Watu wa nyumba walikuwa wamekwisha kuhukumu: shangazi alisema mtoto amelogwa, na ndugu za baba walisema ubaya umetoka upande wa mama, arudishwe kwao. Vitu vyake vilikuwa vimefungwa tayari.

Niliwaandikia karatasi ya lopitalo kubwa. Munganga wa huko alisema ni ugonjwa uitwao xeroderma pigmentosum, ambao Moritz Kaposi wa Vienna alianza kuuandika mwaka 1874. Ni ugonjwa wa nadra. Mwaka 1968 James Cleaver, huko California, alionyesha kwamba seli za wagonjwa wengi wa namna hii haziwezi kukata na kujaza mahali palipoharibiwa na ultravioleti. Basi herufi mbaya zinarundikana, na kanseri ya ngozi inaweza kuanza hata utotoni.

Lakini kulikuwa na fumbo. Karibu mgonjwa mmoja katika watano alikuwa na madoa na kanseri zilezile, lakini ekipe yake ya kukata na kujaza ilikuwa nzima. Kwao ugonjwa ulichelewa, mara nyingi mpaka ujana au utu uzima. Mwaka 1975 Alan Lehmann na wenzake walionyesha kwamba ubaya wa watu hao uko katika kunakili ADN baada ya kupigwa na miali. Ilichukua miaka mingine 24 kumpata mkosefu. Mwaka 1999 makundi mawili yalimtaja karibu wakati mmoja: Chikahide Masutani na Fumio Hanaoka pamoja na wenzao huko Japani, na kundi la Louise Prakash na Satya Prakash huko Galveston, Texas. Wagonjwa hao walikosa polimerazi eta. Karani wa usiku aliyezoea mafuta ya jua hayupo, na makarani wengine wa usiku wanaoitwa badala yake wanakisia vibaya.

Ninaeleza haya yote kwa sababu ya yule mama. Katika namna zote za ugonjwa huu, mtoto anapata ukurasa mbaya mmoja kutoka kwa baba na mmoja kutoka kwa mama. Wazazi wenyewe ni wazima, kwa kuwa kila mmoja ana ukurasa mzuri wa pili, na wala hawajui. Kila mimba yao ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Nilichora jambo hili kwa kalamu mbele ya baba, ndugu zake na muzee mmoja wa ukoo, mistari miwili ya baba, mistari miwili ya mama. Muzee aliniomba nichore tena. Kisha akasema: "Basi, ni sisi wote." Vitu vya mama vikafunguliwa.

Mtoto ana miaka tisa sasa. Ametolewa vidonda viwili vya uso kwa kisu, mapema, kabla havijawa vikubwa. Anavaa kofia pana, mikono mirefu na miwani, dirisha la nyumba lina pazia nzito, na rafiki zake wamezoea kucheza naye jioni jua likiisha kuzama. Mzazi akiona mtoto ana madoa mengi namna hiyo kabla ya kufika miaka miwili au mitatu, na jua linamuumiza macho, amlete. Asingoje.

Na ndugu zetu waliozaliwa na ngozi nyeupe, albino, hawana ugonjwa huu. Eta yao ni nzima na ekipe yao ya kukata ni nzima. Wanachokosa ni rangi ya kuzuia miali isiingie, kwa hiyo makarani wao wanazidiwa na kazi. Kofia na nguo ndefu ni za lazima kwao vilevile.

Moshi na kalanga

Mafuta juu ya ukurasa hayatoki kwa jua tu. Moshi wa tumbako, wa dizeli na wa kuni una kitu kiitwacho benzopireni. Mwili ukijaribu kukiyeyusha ili ukitoe, unakigeuza kuwa kitu kinachong'ang'ania herufi G kama lami kwenye kiatu. Polimerazi kapa ndiyo inayojua kupita hapo na kuandika C inayotakiwa. Ikifika nyingine badala yake, mara nyingi inaandika A, na katika nakala itakayofuata mahali pa G patakuwa na T. Makosa ya namna hiyo ndiyo yanayoonekana kwa wingi katika kanseri ya mapafu ya wavuta tumbako. Mwaka 2012 wataalamu wa shirika la kimataifa la uchunguzi wa kanseri, lililoko Lyon, Ufaransa, waliweka moshi wa dizeli katika orodha ya vitu vinavyoleta kanseri kwa hakika. Mnaofanya kazi chini ya ardhi karibu na mashini za dizeli, hewa ikisimama semeni kwa shefu palepale.

Mama wa nyumba, hii ni yenu. Kalanga na mahindi yaliyoota ukungu huwa na sumu iitwayo aflatoksini. Iligunduliwa baada ya bata mzinga wengi sana kufa Uingereza mwaka 1960 kwa chakula cha kalanga. Ndani ya ini sumu hiyo nayo inakamata G, na kosa linalobaki ni lilelile la G kuwa T. Moto wa jiko hauimalizi, wala kuosha hakuitoi. Kalanga iliyokunjamana, yenye rangi mbaya au ladha chungu itupwe, isipewe mtoto wala kuku, na wala isisagwe ili kuificha katika sombe. Mahindi yakaushwe vizuri na yawekwe juu ya mbao, mbali na sakafu yenye maji. Mwenye virusi vya ini vya aina B anaumizwa na sumu hiyo mara nyingi zaidi, kwa hiyo chanjo ya watoto msiikose.

Jibu la mama

Sasa narudi kwa bibi wa fundi. Mumewe hajapata ugonjwa mkubwa kwa sababu tatu. Rangi ya ngozi yake inazuia miali mingi. Ekipe yake ya kukata inafanya kazi. Na kila usiku makarani wake wa usiku wanapitisha kazi mahali palipobaki. Yale maumivu ya macho ni seli za juu ya jicho zilizokufa kwa kupigwa kupita kiasi. Nyingine zinanakili buku upesi na kuziba mahali pao, ndiyo maana kesho kutwa anapona.

Lakini kila nakala ya haraka inaacha nafasi ya kosa, na makosa hayafutiki. Seli haigeuki kanseri kwa kosa moja. Kwa kawaida inahitaji makosa kadhaa, yakiangukia kurasa maalum zinazoamuru seli igawanyike au isimame. Hayo yanakusanyika kwa miaka kumi, ishirini, thelathini. Miaka kumi na miwili bila ugonjwa haituambii ni herufi ngapi zimekwisha kubadilika.

Tena nisiwadanganye: kwa fundi mweusi wa sudire, hofu yangu kubwa haiko kwenye ngozi. Iko kwenye macho na mapafu. Jicho halina rangi ya kulilinda kama mkono. Mwaka 2017 wataalamu wale wa Lyon waliamua kwamba moshi wa sudire unaleta kanseri ya mapafu, na kwamba miali yake inaleta kanseri ya ndani ya jicho. Hapa Afrika ya kati kanseri ya ngozi ya juu ya jicho imeonekana kufuatana na jua kali na virusi vya SIDA. Nyama ndogo nyeupe au nyekundu inayoota pembeni ya jicho na kuendelea kukua, ije ionekane dispanseri, hata kama haiumi.

Kwa masiki, glasi namba 10 au 11 inatosha kazi nyingi za umeme za kawaida. Kazi yenye nguvu zaidi inataka namba ya juu. Msaidizi anayeshika chuma naye avae yake, maana miali haichagui fundi na mwanafunzi, na mikono ya shati ishushwe mpaka kwenye glavu. Wapita njia wawekewe pazia.

Siku ya tatu fundi alirudi kazini. Kesho yake bibi yake alikuja peke yake, akanipa kitu kilichofungwa ndani ya kitambaa cha jikoni. Ilikuwa masiki ya mumewe. Glasi ilikuwa imepasuka kutoka pembe hadi pembe na haionyeshi kitu, ndiyo maana alikuwa akiiinua kila mara. Nikaipeleka atelie mwenyewe, na kabla ya saa sita wakaibadilisha.